Sauti Aliyoifuta Fundi

Ndugu zangu, kaeni vizuri, maana leo nawapeleka mahakamani! Kulikuwa na fundi seremala mmoja, mzee wa kanisa kabisa, mwongoza maombi ya kila Jumatano. Bwana huyu alikuwa haivi na fundi mwenzake wa mtaa wa pili. Asubuhi moja, saa mbili, karakana ya yule mwenzake ikateketea. Nani alishukiwa? Mmeshamjua!

Jioni akasikia polisi wanakuja kumchukua. Je, alikimbilia kwa mchungaji wake? Thubutu! Alijifungia chooni, akafuta kila kitu kwenye simu: ujumbe, picha, sauti. Polisi wakaichukua simu ileile, wakaitia kwenye bahasha, wakaifunga kwa lakiri, naye akatia sahihi.

Kesi ikanguruma. Mwendesha mashtaka akasimama kifua mbele: "Mheshimiwa hakimu, mtu asiye na kosa anafuta simu ya nini?"

Jela ilikuwa inamtazama fundi usoni, mkewe yuko benchi la nyuma, na wazee wenzake wa kanisa wamejaza safu mbili, wamekuja kumwombea.

Akaitwa mtaalamu wa simu wa polisi, dada mmoja mpole. "Kufuta si kuharibu," akasema. "Ni kama kung'oa kibao mlangoni. Mwenye nyumba bado yumo ndani. Vyote alivyofuta ninavyo."

Wakili wa fundi akamwinamia sikioni: "Mzee wangu, humo kuna sauti ya asubuhi ile ya moto. Itakutoa. Lakini wenzako wale wataisikia. Tuicheze?"

Alijua ni ipi. Ndiyo aliyoifuta ya kwanza kabisa! Akawageukia wazee wenzake, akamtazama mkewe. Jela, au aibu? Ninyi mngechagua nini? Msinijibu haraka!

"Icheze," akasema.

Ikasikika sauti ya mganga: "Dawa hii uizike mlangoni kwake, wala usigeuke nyuma." Kisha sauti ya mzee wetu wa kanisa: "Ngoja kwanza, mganga, narekodi nisije nikasahau." Na nyuma yao redio inatangaza: "Ni saa mbili kamili asubuhi, hii ni taarifa ya habari." Kwa mganga huyo, ndugu zangu, ni mwendo wa saa tatu kwa basi kutoka kwenye ule moto! Tarehe ya simu na habari za redio, vyote vikakubaliana.

Watu walicheka mpaka hakimu akagonga meza. Mkewe alijifunika kanga usoni. Na fundi, analia kwa aibu, akaambiwa: "Uko huru."

Nje ya lango akawakuta wazee wenzake wanamsubiri. Akainamisha kichwa, anangojea kufukuzwa. Yule mkubwa wao akamshika mkono, akamnong'oneza: "Redio ya yule mganga haizimwi hata siku moja."

Alijuaje?

Eeh, mnacheka! Alijuaje, nauliza? Na wewe unayecheka kuliko wenzako, unakwenda kwa basi la saa ngapi?

Sisi ndio wale, wapendwa. Tunafuta kwanza, ndipo tunavaa, tunakuja kanisani na simu nyeupe, haina kitu. Tunadhani Mungu anaitunza nakala ya tulivyofuta ili atufunge. Sivyo hata kidogo! Fundi yule angeoza jela kwa kulinda heshima yake, na kilichomtoa ni kilekile alichokionea haya. Hata leo, hapo ulipokaa, Wakili wetu amekuinamia sikioni. Anaijua ile sauti uliyoifuta ya kwanza, wala hajashtuka. Anakuuliza tu kama aicheze. Mpendwa, usimwambie hakuna kitu humo. Mwambie, "Icheze."