Dawa ya Achari

Bwana Mghanga, aliyewekwa na mama mkwe wake kuendesha hoteli, hakuwahi kuosha hata glasi. Lakini kila kinywaji kilichosifiwa pale baani kilikuwa, eti, ubunifu wake.

"Leo mama analeta wageni wa heshima," alimwambia Mejumaa, mhudumu wa baa. "Nitengenezee dawa mpya, ile kokteli ya vodka, ndimu na asali, lakini isiyo na utamu, au ufungashe virago."

Mejumaa aliacha asali, akachanganya vodka, ndimu na maji ya achari ya maembe kutoka chupa iliyokuwa imeanikwa juu ya paa. Bosi alionja, akalamba midomo.

"Nani kaibuni hii?"

"Ni wewe, bosi."

"Na achari?"

"Wewe pia. Watangazie wageni, wasije wakanisifu mimi bure."

"Angalau una adabu," alisema bosi.

Wageni walipoketi, alisimama kifua mbele. "Hii ni kazi ya mikono yangu, tangu kufungua chupa ya achari!"

Mama mkwe, ambaye pombe hakuigusa maishani, alinusa glasi, akainuka polepole.

"Kumbe ni wewe? Achari yangu niliyoianika juu ya paa, ya harusi ya mjukuu wangu, umeitia kwenye pombe?"

Bosi alimgeukia Mejumaa, macho yamemtoka.

"Mimi sistahili sifa, mama," alisema Mejumaa, akifuta glasi.