Katikati ya Mtondoo

"Katikati hapana mwenyewe, pana wenyewe." Mmecheka, wajukuu zangu, mkadhani babu kachanganyikiwa: mahali pakose mwenyewe, kisha pawe na wenyewe? Basi tegeni sikio, methali hii ilianza hivi.

Mji wetu wa Mtondoo ulikuwa na uwanja wa soko uliozungukwa na maduka. Kila asubuhi mwenye duka alifagia mlangoni pake, akazisukuma taka katikati ya uwanja. Watu wa usafi hao! Milango ilimetameta, na katikati palinuka. Wanunuzi wakahamia njia panda, kwenye barabara ya lami, na maduka yakaanza kufungwa.

Bi Nakijwa, muuza tangawizi, hakuwa na pa kuhamia. Mjane yule alilea wanawe kwa meza yake ya pale sokoni, na hofu ilimjaa.

Ndipo Bwana Mrutu, mwenye malori, alipoomba uwanja uwe maegesho yake. Diwani akaitisha mkutano, akauliza, "Pale katikati mwenyewe ni nani?"

Watu wakaitikia bila kufikiri, "Hapana mwenyewe!"

"Basi nimepata," akasema Mrutu.

Bi Nakijwa akainuka. "Mheshimiwa, ni kweli, hapana mwenyewe. Pana wenyewe."

"Wako wapi? Kesho asubuhi niwaone."

Kesho yake walikuja wote na fagio zao. Lakini mazoea yana taabu: wakafagia vilevile, kila mmoja kuelekea katikati, mpaka wakakutana uso kwa uso kwenye lundo.

"Maganda haya si yako, Nakijwa?" akauliza fundi cherehani.

"Na vitambaa hivyo ni vya nani, shemeji?"

Wakaangua kicheko cha aibu. Sasa lundo lile lingeondokaje?

Bi Nakijwa akamgeukia Mrutu, aliyekuja kutazama. "Kaka, tuletee lori."

"Mimi tena? Nina nini hapa?"

"Jana ulitaka kuwa mwenyewe. Leo kuwa mmoja wa wenyewe."

Mrutu akakuna kichwa, kisha akaenda kuwasha lori. Diwani alipofika alikuta uwanja mweupe, na yule mwombaji wake yuko juu ya lori, koleo mkononi. Hakuuliza tena mwenyewe ni nani.

Wanunuzi walirudi, polepole. Siku moja mgeni alistaajabia uwanja ule, akamuuliza Mrutu kama ni wake.

"Wangu," akajibu Mrutu, "na wa yule mama wa tangawizi, na wa fundi pale. Katikati hapana mwenyewe, bwana. Pana wenyewe."