Kigoda cha Twaiba

Pale Kibuyuni, kabla hujafika Shimoni, hapakuwa na mwanamke aliyemfikia Twaiba kwa kufunga mbegu za mwani kwenye kamba. Alichutama mchangani tangu maji yanapokupwa hadi yanaporudi, na wenzake walipokuwa kwenye kamba ya pili, yeye alikuwa anamaliza ya nne. Sifa zilimlevya. Kwa miaka kumi na miwili hakuwahi kufunga mwani ila kwa kuchutama, kwani katika kikundi chao aliyekaa kitako alihesabiwa mvivu.

Basi goti la kulia lilipoanza kumuuma, alilinyamazia. Mwanzo lilimchoma akiinuka tu. Baadaye likawa linalia kama mlango wenye kutu, na mwishowe akawa hawezi kusujudu bila kuuma meno. Alilifukia katika mchanga wa moto, akakandwa na bibi mmoja aliyeapa kwamba ni upepo, na upepo huo haukutoka. Bamvua likaja, kama lijavyo kila wiki mbili, maji yakakupwa mbali, wenzake wakaenda shambani baharini. Twaiba alibaki kitandani akilia kwa uchungu.

Alikuwa na sababu ya kulia. Sheria ya kikundi haikuwa na shangazi wala mjomba: atakayekosa bamvua tatu mfululizo, shamba lake hupewa mwingine. Shamba hilo ndilo lililowasomesha wanawe, naye alilipenda kama nyumba aliyoijenga kwa mikono yake.

Asubuhi iliyofuata mumewe, Mbarak, fundi wa kuchonga mitumbwi, alimpeleka hospitali ya Msambweni. Aliyempokea alikuwa Judy, binti wa bara aliyesomea tiba ya viungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nidunge sindano nirudi kwenye mwani wangu."

Judy alilikunja goti, akalikunjua, akaliminya taratibu. "Hii si ya sindano, mama. Chini ya pia ya goti kuna gegedu, laini kama nyama ya dafu. Lako limekwaruzika kwa kuchutama miaka yote hiyo. Msuli wa paja ndio unaoiongoza pia ikae njiani, na wako umelegea."

"Balaa hili limenipata mimi peke yangu?"

"Wiki hii wewe ni wa sita. Nimeona wakata miwa wa Ramisi, wafanyakazi wa hoteli za Diani, hata msichana mkimbiaji."

Dawa aliyopewa ilimshangaza. Alale chali, afunge mfuko wa mchanga kifundoni, auinue mguu ukiwa umenyooka mara kumi, asubuhi na jioni. Asichutame tena, mwani aufunge akiwa amekaa kwenye kigoda.

"Safari yote hiyo nije nifundishwe kuinua mguu!" alinung'unika njiani. Aliinua siku tano. Siku ya sita, maumivu yakiwa palepale, aliutupa mfuko uvunguni. Bamvua la pili likampita.

Mbarak, ambaye si mtu wa maneno mengi, aliweka tezo chini siku hiyo.

"Mama watoto, gogo hili la mwembe nimelianza lini?"

"Kabla ya Ramadhani."

"Na sasa ni mwezi wa ngapi tangu Idi? Siku ya tano ungelitazama, ungeona mtumbwi?"

Twaiba aliingia chumbani. Aliinama kwa taabu, akautoa mfuko uvunguni. Tangu siku hiyo hakuacha. Mara kumi zikawa kumi na tano, kisha ishirini. Goti liliendelea kulia, lakini siku moja aligundua kwamba ameinuka jikoni bila kushika ukuta, akacheka peke yake.

Bamvua la tatu lilipowadia, alishuka ufuoni akiwa na kigoda kichwani. Bi Maimuna, mwenyekiti wa kikundi, alimwona kwa mbali.

"Haya, pisheni! Bi harusi amekuja na kiti chake!"

Kicheko kikapasuka. Zamani Twaiba angefia pale kwa haya. Safari hii alikiweka kigoda katikati yao, akakaa, akanyoosha mguu.

"Chekeni, lakini mikono isisimame," alisema.

Alimaliza kamba tatu. Kisha akaingia majini, hatua moja moja, hadi kwenye mambo yake, vile vigingi vya shambani, akazifunga kamba mwenyewe. Goti lilimuuma, ila halikumwangusha. Aliporudi nchi kavu hakuna aliyetaja tena habari ya kumnyang'anya shamba.

Miezi minne ikapita. Twaiba alikuwa akisujudu na kuinuka kama watu. Alasiri moja Bi Maimuna alibisha hodi, akiingia upandeupande na kuburuta mguu wa kushoto.

"Mwenzangu, nami limenifika. Nionyeshe dawa yako, tafadhali."

Twaiba hakumkumbusha ya ufuoni, ingawa ulimi ulimwasha. Alimtandikia mkeka, akamlaza chali, akamfunga mfuko kifundoni.

"Inua. Kumi leo, kumi kesho."

Bi Maimuna aliinua mara kumi, akajifuta jasho, akalipapasa goti. "Mbona bado linauma? Kumi hizi zitanifaa nini?"

"Kesho njoo tena, Bi Maimuna," Twaiba alimjibu kwa upole. "Bandu bandu huisha gogo."