Pikipiki ya Hewa Mbili

Mwanamke mmoja alikuwa na wana wawili na pikipiki moja. Pikipiki ilikuwa ya marehemu mume wake, kuukuu, rangi ya tangi imekwisha pale magoti yanapobana, kiti kimeshonwa na kushonwa tena. Mume alipofariki hakuacha kitu kingine cha kugawana. Basi wakubwa wa ukoo wakakaa kikao, wakaamua kwamba vijana wapokezane, wiki moja kwa mkubwa na wiki moja kwa mdogo. Uamuzi ulionekana wa haki. Watu wakanywa chai wakaenda zao wameridhika, kama tunavyoridhika sisi tukishagawa kitu bila kukitazama kitu chenyewe.

Mkubwa, Elisaria, aliishi juu kabisa mlimani kwenye mashamba ya tangawizi. Huko hewa ni nyepesi na ya baridi, ukungu huingia kwa mlango wa mbele na kutokea mlango wa nyuma, na watu husalimiana kabla hawajaonana sura. Mdogo, Mbonea, aliishi chini, tambarare, kwenye mpunga na mkonge, ambako hewa ni nzito na ya moto, na mchana barabara huonekana kama inaelea. Katikati ya njia, pale barabara inapopinda na kutulia kidogo, ndipo ilipokuwa nyumba ya mama yao, Nakundwa. Hapo ndipo walipokabidhiana. Kila Jumapili baada ya ibada aliyekuwa na pikipiki aliileta, mwenzake akaja kuichukua, na mama akawapikia makande wakala sinia moja, yeye akiwa katikati. Mwanzoni ilikuwa hivyo.

Kisha pikipiki ikaanza kusumbua.

Mbonea akiishusha kwake, asubuhi haiwaki. Anapiga kiki mpaka shati linaloana. Anavuta choki ya kuzidishia petroli, inawaka. Anarudisha choki, inazima. Amepakia abiria, anapunguza mwendo kumpisha ng'ombe, inamzimikia katikati ya barabara, na abiria anashuka akisonya. Akafungua plagi akaikuta nyeupe, kavu kabisa. Akasema moyoni: kaka anaibania petroli, anataka nichoke niiache iwe yake. Basi akachukua bisibisi, akaigeuza ile skrubu ndogo ya kabureta, ile inayopima hewa na petroli. Akaigeuza taratibu, ametega sikio, mpaka injini ikatulia na kunguruma kwa raha. Wiki nzima ikamtumikia bila neno.

Elisaria naye akiipandisha kwake, inakohoa njia nzima. Inatoa moshi mweusi, inajivuta kwenye kona, na ikifika uani inazima yenyewe, na ikizima haitaki kuwaka tena mpaka ipumzike. Akafungua plagi, akaikuta nyeusi, imejaa masizi. Akasema moyoni: mdogo wangu anainywesha petroli chafu ya kwenye chupa, mali ya baba haimuumi. Akaosha kabureta. Akachuja petroli kwa kitambaa safi. Akaweka plagi nyingine. Mwisho akachukua bisibisi yeye pia, akaigeuza skrubu ileile upande wa pili, ametega sikio vilevile, mpaka injini ikaimba. Wiki nzima ikabeba tangawizi yake ndani ya ukungu bila kulalamika.

Sikilizeni hapo vizuri. Wote wawili walikuwa mafundi wazuri. Hakuna aliyekuwa mvivu, hakuna aliyekuwa mwongo. Kila mmoja alipokea pikipiki mbovu na kuirudisha ikiwa nzima. Na kila mmoja alikuwa na ushahidi mkononi, mmoja plagi nyeupe, mwingine plagi nyeusi, na ushahidi wenyewe ulikuwa wa kweli. Hilo ndilo linalonihuzunisha kuliko yote katika habari hii. Kama mmoja wao angekuwa mwovu, ningeisimulia nikiwa na moyo mwepesi.

Wakaanza kukwepana. Elisaria akawa anaileta pikipiki mapema, anaiegemeza upenuni, anatundika ufunguo kwenye msumari na kuondoka kabla mdogo wake hajatokea. Mbonea naye, zamu yake ya kuileta ikifika, alifanya vivyo hivyo. Makande yakawa yanapoa kwenye sinia, na mama anakula upande mmoja, anaacha pande mbili kama zilivyo. Walipokuwa na la kusema walilisema kwa majirani. Majirani walilibeba juu na chini, na kila lilipofika lilikuwa limeongezwa chumvi. Ikafika mahali ndugu wale hawakubaliani juu ya chochote isipokuwa jambo moja, kwamba pikipiki iuzwe. Mnunuzi akapatikana, akasema atakuja Jumatatu.

Nakundwa aliposikia, aliogopa. Hakuogopa kuikosa pikipiki. Aliogopa kwa sababu aliwajua wanawe: yule wa juu hana shughuli chini, na yule wa chini hana shughuli juu. Kilichokuwa bado kinawaleta mlangoni pake, hata kwa kukwepana, ni kile chuma kibovu. Kikiondoka, atabaki na wana wawili ambao wataonana siku ya kumzika. Alilia siku hiyo, peke yake, akiwa anachambua maharage. Kisha akajifuta uso akapeleka ujumbe kwa wote wawili.

Hakuwaomba wapatane. Aliomba jambo dogo. Siku za gulio marehemu alikuwa akimpakia kwenye pikipiki ile, kutoka juu mpaka chini, njia nzima. Kabla haijauzwa, alitaka apitishwe njia hiyo mara moja tena, na wanawe wote wawili wawe naye kwenye kiti kimoja. Nani angemkatalia mama jambo kama hilo? Jumamosi lori la tangawizi likampandisha juu, na Mbonea akapanda kwenye lori hilohilo, amekaa mbali naye, uso ameugeuzia bonde.

Asubuhi ya Jumapili walikuta dunia haipo. Ukungu ulikuwa umemeza migomba, umemeza paa za nyumba, na kengele ya kanisa ililia kama iko chini ya maji. Elisaria aliiwasha pikipiki kwa kiki moja tu. Ilinguruma vizuri, sauti yake laini, na alimtupia mdogo wake jicho, kana kwamba anamwambia, unaona jinsi inavyotunzwa? Wakapanda mshikaki, watu watatu, Elisaria mbele, mama katikati, Mbonea nyuma, mikono yake kwenye mabega ya mama. Wakaanza kushuka.

Barabara ilikuwa ikijitokeza kidogo kidogo mbele yao na kufutika nyuma yao. Mama alifumba macho. Alikuwa na umri wa kusinzia popote, nao mngurumo ulikuwa uleule wa ujana wake, na harufu ileile ya petroli na majani mabichi. Ikawa kwake kama ameegemea mgongo mwingine, mpana kuliko wa Elisaria, wenye koti la zamani lililonukia moshi wa kuni. Hakutaka kufumbua macho. Alijua akifumbua atakuwa mjane tena.

Wakashuka. Ukungu ukawa mwepesi, ukawa vipande, ukabaki juu yao kama dari. Jua likaingia. Hewa ikaanza kuwa na uzito, ikaanza kunata mashavuni. Walipopita kwenye nyumba ya mama, pale kwenye kona ya barabara, Elisaria alisikia sauti ya injini imebadilika. Haikuwa imeharibika, ila ilikuwa kama mtu aliyeanza kukaukiwa koo. Akajisemea ni uzito wa watu watatu. Akaendelea. Mawe yakawa vumbi, vumbi jekundu likawa la kijivu, na mkonge ukajipanga pande zote mbili mpaka upeo wa macho. Hapo, mwanzo wa tambarare, alipopunguza mwendo ili avuke reli, pikipiki ikazima.

Ilizima bila kishindo. Waliendelea kuteleza kidogo katika ukimya ule, watu watatu juu ya chuma kisichotoa sauti, wakisikia tu matairi yakisaga vumbi. Kisha wakasimama.

Elisaria akapiga kiki. Akapiga tena na tena mpaka shati lake likaloana, jambo ambalo kwake juu hakulijua. Akavuta choki, ikawaka. Akarudisha choki, ikazima. Akafungua plagi. Ilikuwa nyeupe. Alikuwa amesikia habari za plagi nyeupe kutoka kwa majirani, na alikuwa ameziita uzushi. Akabaki ameishika kwenye kiganja. Wiki ile yeye mwenyewe aliitengeneza pikipiki, kwa mkono wake, na asubuhi ile iliimba. Tangu hapo hakuna aliyeigusa. Mdogo wake alikuwa nyuma ya mama muda wote.

Mbonea akachuchumaa. Akatoa bisibisi yake mfukoni, akaipeleka kwenye ile skrubu ndogo. Na hapo Elisaria akamdaka kifundo cha mkono, akakibana kwa nguvu, hasira yote ya miezi ile imekusanyika vidoleni. Ndugu wale wakatazamana kwa mara ya kwanza tangu siku nyingi. Mama akatulia pembeni ameushika mtandio wake, maana aliona wazi kwamba wanawe wako pale kwenye mkono ule, na kwamba atawapata au atawakosa kabla mkono haujaachiwa.

Elisaria akatafuta mtu wa kumlaumu. Akatafuta kweli. Hakumpata. Akaachia.

Mbonea akaigeuza skrubu, taratibu, ametega sikio. Elisaria akapiga kiki, nayo ikawaka, ikanguruma kwa raha katikati ya lile joto. Elisaria akasimama akiisikiliza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mdogo wangu, haikuwa mbovu. Ilikuwa inatoka kwangu tu."

Mbonea alikuwa ameanza kuona nusu yake mwenyewe ya jambo lile, na haikuwa tamu. Akamwomba kaka yake apande nyuma, yeye akashika usukani, wakageuza, wakaanza kuipanda njia ile ile. Mlima ulipoanza kuwachukua, aliisikia pikipiki yake, ile aliyoitengeneza muda si mrefu, ikianza kukohoa. Aligeuka akaona moshi mweusi ukiwafuata. Hakuna aliyetia petroli chafu. Hakuna aliyetia chochote. Ilikuwa pikipiki ileile, ila ilikuwa inatoka kwake. Alihisi aibu mpaka masikio yakamwaka.

Walipofika kwenye kona ya barabara, mbele ya nyumba ya mama, wakasimama bila kuambizana. Wote wawili wakainama juu ya injini, vichwa vimegusana, mkono wa mmoja ukimulika kwa simu na wa mwingine ukishika bisibisi. Na mama yao akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya upenu. Walipomuuliza anacheka nini, akawaeleza kwamba nyumbani kwao usichanani palikuwa hapohapo, kwenye kona ile, na kijana mmoja mwenye pikipiki hakuweza kupita bila kusimama na kuinama hivyohivyo, mkono umepotelea chini ya tangi. Akipanda anasimama, akishuka anasimama. Nakundwa aliamini anajifanya tu, ili apate kumtazama. Akawa anampelekea maji ya kunywa, na mengine wanayajua. Sasa hakujua tena kama alipendwa yeye kwanza au skrubu, lakini hakujuta.

Wale vijana walikumbuka. Walipokuwa wadogo, wamepakiwa mbele juu ya tangi, baba alisimama pale kila mara, nao walitazama mbele, wakipiga miguu, wakitaka safari iendelee. Hawakuwahi kutazama mkono wake unafanya nini. Naye hakuwahi kuwaambia. Labda alidhani njia yenyewe itawafundisha. Hakujua kwamba siku moja ukoo utakaa na kuikata njia vipande viwili, na kumpa kila mtoto kipande chake.

Jioni hiyo makande yaliliwa yakiwa ya moto. Jumatatu mnunuzi alikuja akapewa chai, akaambiwa pole kwa usumbufu. Na tangu hapo hakuna aliyetundika ufunguo kwenye msumari na kuondoka. Anayeileta humsubiri anayeichukua, wanainama pamoja pale kwenye kona, na anayeichukua husikia kwanza kwa mwenzake jinsi wiki ilivyokwenda. Wakati mwingine bado inazima. Ni pikipiki kuukuu. Ila sasa ikizima, wanasema imezima.

Mimi sina shamba la tangawizi wala la mpunga, na nyinyi mnaonisikiliza wengi wenu hamna pikipiki. Lakini kila mmoja wenu ana mtu wa kupokea: mkwe aliyetoka kwenye nyumba nyingine, mtoto aliyerudi kutoka kwa baba yake, mchungaji aliyehamishiwa kwenu kutoka usharika wa mbali. Alifika akiwa anakohoa, ukamfungua, ukaona masizi, na masizi yalikuwa ya kweli.

Basi huyo uliyempokea ukasema wamemharibu, je, uliwahi kupita naye njia aliyotoka, ukavuta hewa aliyokuwa akivuta huko?