Ngiri na Kiti cha Ubavuni

Nina hadithi!
*Ilete tuione!*
Ina miguu!
*Itembee!*
Ina uongo ndani yake!
*Uchanganye na kweli, tutachambua wenyewe!*

Basi sogeeni, na aliye karibu na kuni asukume moja motoni.

Hapo kale, kale ile ambayo wanyama walikuwa na baraza na wanadamu walikuwa bado wanajifunza kusalimiana, kulikuwa na nchi yenye pande mbili. Upande wa Juu ulikuwa na chemchemi. Upande wa Bondeni ulikuwa na mawe ya chumvi. Wa Juu walishuka kulamba chumvi, wa Bondeni walipanda kunywa maji, na njia ya katikati ilikuwa laini kwa kukanyagwa.

Kisha wakagombana. Nani alianza? Ukiuliza Juu utaambiwa Bondeni, ukiuliza Bondeni utaambiwa Juu. Njia ikafungwa. Watoto wa Juu wakadhoofu mifupa kwa kukosa chumvi, na watoto wa Bondeni wakawa wanakufa kwa kiu kila kiangazi. Na majani yakaota njiani.

Mzee Nyati, aliyekuwa mkuu wa nchi, akafa. Wakajitokeza wawili kutaka kigoda chake: Kiboko wa ziwa lililo Juu, na Bi Tandala wa vilima vya huko huko.

Sasa sheria ya nchi ile ilikuwa hivi. Anayetaka kigoda hasimami peke yake. Husimama na mwenza, wa kukaa ubavuni pake. Mkuu akisafiri, mwenza anakalia. Mkuu akiugua, mwenza anakalia. Mkuu akifa, mwenza anakalia. Kwa hiyo watu walimtazama wa pili kwa jicho lile lile walilomtazamia wa kwanza.

Kiboko alimtaja wake siku ile ile. Alimtaja Mamba. Kila mtu barazani alielewa: chemchemi zitawekewa mlinzi, na atakayetaka kunywa atapiga magoti kwanza.

Bi Tandala hakumtaja mtu. Alisema atamtaja siku ya baraza kuu, akaenda zake.

Hapo ndipo nchi ilipokosa usingizi. Wasichana waliokwenda kuteka maji walitunga wimbo:

*Ni nani, ni nani wa ubavuni?*
*Tandala tuambie, ni nani wa ubavuni?*

Twiga alionekana akimwinamia Tandala, basi ikawa ni Twiga. Siku ya pili Pundamilia alipiga chafya na Tandala akamwambia afya, basi ikawa ni Pundamilia. Siku ya tatu Mbuni alijitangaza mwenyewe, na hiyo haikusadikiwa hata na mke wake. Kwenzi, yule ndege mwenye manyoya ya kumetameta, aliruka mti hadi mti akipeleka jina jipya asubuhi na kulikanusha jioni, na kote alikopita alipewa wadudu.

Lakini wenye akili zao walikuwa hawaulizi. Walisema: ni Ngiri, nani mwingine?

Nao walikuwa na sababu. Tandala alikuwa ndama mchanga mama yake alipochukuliwa na simba. Mama yake Ngiri ndiye aliyemwita akae karibu na shimo lao mpaka akakua. Tandala na Ngiri walikula majani ya uwanja mmoja. Na katika uchaguzi huu, ni Ngiri aliyezunguka kila kilima akimnadi, koo limemkauka, kwato zimemlika. Kila alipofika alisimama juu ya kichuguu na kusema habari za Tandala, na watu wakampenda Tandala kwa sababu walimwamini Ngiri.

Ngiri akiulizwa alijibu kwamba yeye hajui lolote. Lakini mnamjua ngiri na mkia wake. Tangu uvumi uanze, mkia ule ulikuwa umesimama wima na haujashuka. Waliomsalimia zamani kwa kichwa sasa walimsalimia kwa magoti. Mke wake alimkuta mara moja akijaribu kukaa kama mtu anayesikiliza mashtaka.

Ikawa siku moja, jua la utosini, Tandala akaja shimoni kwa Ngiri. Hakutuma mjumbe. Alikuja kwa miguu yake mwenyewe, akabisha hodi kama mgeni.

"Kaka Ngiri," akasema, "nimekuja na neno ambalo sitaki ulisikie kwa Kwenzi."

"Lete, dada."

"Nataka Bi Nyegere wa Bondeni awe mwenza wangu."

Nyegere huyo ni mnyama mdogo, mgongo mweupe, tumbo jeusi, na nchi nzima hakuna anayemtisha. Ndiye aliyekuwa sauti ya Bondeni. Ndiye aliyesimama njiani siku ilipofungwa akasema wa Juu hawatapita. Ngiri alijaribu kupita kwa nguvu, wakapigana, na Nyegere akamng'ata sikio likachanika katikati.

Ngiri akauliza, kwa sauti ndogo, alichokosea.

"Hukukosa kitu," akasema Tandala. "Nikisimama na wewe, Juu wote watanifuata, na Bondeni hatanifuata hata panya. Nitapata kigoda, na njia itabaki imefungwa. Watoto wako wanalamba mawe makavu, Ngiri. Nimewaona nikija."

Ngiri akamwambia amesikia, na sasa aende. Tandala akaenda. Hakubembeleza, hakutoa ahadi ya cheo kingine. Ngiri alimtazama akipanda kilima, akaona anatembea kama aliyejitwika mzigo. Hata hivyo hakumwonea huruma.

Kesho yake akaja Fisi. Fisi alimwita Ngiri mheshimiwa. Akamwita mheshimiwa mara ya pili. Mara ya tatu akaketi bila kukaribishwa, akasema ameziona nyayo za Tandala zikishuka kwa Nyegere, na hizo ni habari za kusikitisha. Kwa nini mtu aliyebeba nyumba nzima alale nje? Ngiri asimame yeye mwenyewe. Nusu ya Juu ni yake. Akisimama siku ya baraza, kabla Tandala hajamtaja yule mng'ataji, watamfuata.

Ngiri, wasikilizaji, hakuwa malaika. Neno lile lilimshuka tumboni kama uji wa moto wakati wa baridi. Alimsindikiza Fisi mpaka mlangoni, na hakusema hapana.

Mke wake alikuwa ameyasikia yote. Alingoja Fisi aondoke.

"Baba Watoto," akasema, "huyo mgeni wako ametoka kwa Kiboko. Tazama tope la ziwani alilotuachia mlangoni. Wewe ukisimama, Juu inagawanyika, na Kiboko anapita katikati. Lakini hilo utalijua mwenyewe. Mimi nauliza moja tu. Ulipokuwa ukizunguka vilima, ulikuwa ukimfuata Tandala au ulikuwa ukifuata kiti?"

Ngiri akainuka kwa hasira, maana swali lisilo na jibu huwasha. Akashika njia ya Bondeni, ile iliyoota majani. Alitaka kumwona huyo Nyegere, amweleze anachomfikiria.

Alimkuta katika mto mkavu akichimba mchanga kwa kucha zake. Amechimba hadi mabega hayaonekani. Pembeni wamekaa watoto wa swala, wa nyumbu, wa sungura, ndimi nje, wanangoja. Chini kabisa yalikuwa yanatoka maji, machache, rangi ya udongo. Mtoto mmoja alikunywa, akampisha mwenzake.

Nyegere akatoa kichwa shimoni. "Sikio limepona," akasema.

"Limepona vibaya," akajibu Ngiri.

"Na paja langu ulilolipasua kwa meno yako, nalo limepona vibaya. Sema kilichokuleta."

Ngiri akasema amekuja kuuliza alimpa nini Tandala hata akachaguliwa yeye.

Nyegere akapangusa mchanga puani. "Amekuja hapa mara tatu. Mara tatu nimemkataa. Nilimwambia wa Juu watanipiga mawe kabla sijaketi, na watakuwa na haki yao. Nikamwambia nitakubali kwa jambo moja tu: Ngiri mwenyewe aje kuniita mbele ya watu. Akasema hilo hatakuomba."

"Kwa nini?"

"Alisema: nimemnyima kiti, siwezi kumnyang'anya na hiari yake."

Ngiri aliitafuta hasira aliyokuja nayo, akaikuta imepungua, naye hakupenda kuiona imepungua. Akauliza tena: ikiwa Tandala atapata kigoda na siku moja akakosea, Nyegere atafanya nini?

"Nitamwambia."

"Mbele ya watu?"

"Kwanza faraghani. Asiposikia, mbele ya watu."

Jibu lile lilimwingia Ngiri. Alifikiri miaka yote aliyokaa na Tandala. Alimpenda, alimsifu, alimtetea kwenye kila kilima. Lakini hajawahi hata mara moja kumwambia kwamba hapa, dada, umekosea. Na Tandala alikuwa amekosea, mara nyingi tu, kama wanavyokosea wote.

Ngiri aliwatazama wale watoto wakinywa tope, akarudi nyumbani, na njia nzima mkia wake ulikuwa chini.

Siku ya baraza kuu ikafika. Wa Juu walikaa kivulini, wengi kama mchanga. Wa Bondeni, waliokuwa wamepanda kwa mashaka, walisimama juani pembezoni, Nyegere akiwa mbele yao. Kiboko aliketi na Mamba wake, anatafuna polepole. Na wasichana wakauanzisha wimbo wao, safari hii nchi nzima ikaitikia:

*Ni nani, ni nani wa ubavuni?*
*Tandala tuambie, ni nani wa ubavuni?*

Tandala akasimama. Kabla hajasema neno, kivulini wakaanza kuita: Ngiri. Wakaita tena: Ngiri. Mara ya tatu ardhi ikatikisika: Ngiri. Fisi alikuwa amejipenyeza nyuma ya Ngiri, akamnong'oneza kwamba saa ndiyo hii.

Tandala alimtazama Ngiri. Hakumkonyeza wala kumsihi. Alingoja tu.

Ngiri akasimama. Kelele zikapanda, kisha zikafa, maana alianza kutembea. Alimpita Fisi. Alikipita kigoda. Alimpita Tandala bila kumtazama. Alitoka kivulini akaingia juani, akaenda mpaka pembezoni, akasimama mbele ya Nyegere.

"Bi Nyegere," akasema, na kila mtu alisikia, "mimi Ngiri wa Juu nakuita. Njoo ukae ubavuni."

Kisha akawageukia watu wake. "Mmeniita kwa jina langu, nami nawashukuru. Kama jina hilo lina uzito wowote kwenu, uzito huo nauweka juu ya huyu."

Nyegere akatoka, akichechemea kwa lile paja lake. Kivulini fahali mmoja wa nyati alikuwa ameokota donge la udongo. Ngiri alimwona. Hakumkemea. Alihama tu, akatembea upande wa kivuli, mwili wake ukawa kati ya Nyegere na watu wa Juu, hatua kwa hatua, taratibu kwa ajili ya yule anayechechemea. Fahali akalishika donge mpaka likamvunjikia mkononi.

Walipofika, Nyegere akaketi. Tandala akasema, "Huyu ndiye mwenza wangu." Lakini hapakuwa na aliyehitaji kuambiwa.

Watu wakapanga mistari nyuma ya wagombea, ndivyo walivyokuwa wakichagua. Mstari wa Tandala ulianza kivulini, ukapita juani, ukashuka kilima, na mkia wake ulikuwa Bondeni. Nyuma ya Kiboko walisimama wachache, Fisi akiwa mmoja wao. Kiboko akarudi ziwani akazama hadi puani kwa aibu, ndiyo maana mpaka leo mchana hapendi kutoka majini.

Njia ikafunguliwa. Waliopita kwanza walikuwa wale watoto wa mto mkavu, walikunywa mpaka matumbo yakalia. Na watoto wa Ngiri wakashuka kulamba chumvi. Kabla mvua za kwanza hazijanyesha, Nyegere alikuwa ameshamwambia Tandala kwamba amekosea katika kugawa malisho. Tandala alikasirika siku nzima. Kesho yake akarekebisha.

Na Ngiri? Kwenzi alitangaza kwamba atapewa ziwa, kisha kwamba atapewa msitu. Ngiri hakupewa kitu na hakuomba kitu. Lakini alipokutana na watu njiani, wa Juu na wa Bondeni, wote walikuwa wakimpisha, na hakuna aliyejua ni nani aliyewaamuru.

Jioni moja Tandala alikuja kwake, wakala majani pamoja kama zamani.

"Nilikuogopa siku ile," akasema Tandala. "Uliposimama nilidhani umesimama kunipinga."

"Hata mimi nilidhani hivyo," akasema Ngiri, "mpaka nilipoanza kutembea."

Basi wenzangu, mjue: anayekalia kiti huheshimiwa akiwa amekaa, lakini aliyempisha mwenzake huheshimiwa popote anaposimama.

Hadithi yangu imechoka miguu.
*Ilaze!*
Uongo wake nimewaachia.
*Na kweli yake?*
Iko kwa mke wa Ngiri. Nanyi mkiniuliza mwaka huu nani atakuwa mwenza wa nani, mimi sijui. Ila kama mnatafuta mtu, nina shingo nzuri ya kuitikia ndiyo nikiwa ubavuni, na chakula changu ni kidogo.