Soko la Ngamia Lisilokuwepo

Jua la Garissa lilikuwa likiyachoma mabati ya mtaa wa Waberi kana kwamba lina kisasi nayo. Ndani ya chumba chake, Shamso alikuwa amejilaza kwa ubavu, mtoto mchanga kifuani, kipakatalishi mbele yake. Alikuwa bado hajatimiza siku arobaini tangu ajifungue, na mila haikumruhusu kutoka. Lakini kilichomnyima raha hakikuwa joto wala maumivu ya uzazi. Zilikuwa picha alizokuwa akizitazama. Zilikuwa nzuri mno.

Shamso alikuwa mpiga picha. Kwa miaka mingi alizunguka minada ya mifugo, na picha zake aliziuza katika soko la picha la mtandaoni, ambako magazeti na mashirika ya dunia nzima hununua. Wakaguzi wa soko hilo walimjua kwa kazi safi, wakamwamini. Alipokaribia kujifungua, alimkabidhi mdogo wake, Keynan, kamera na nywila yake, akamtuma kwenye mnada wa ngamia katika mji wa mbali wa Griftu.

"Utalala kwa Eedo Qali," alimwambia. Huyo alikuwa shangazi yao, dada wa baba yao.

Keynan hakuwa mtu wa kupenda taabu, na barabara ya Griftu ni ndefu, tena huvunja mgongo. Hata hivyo aliaga, na baada ya siku chache akarejea. Hapo ndipo shaka ilipoanza kumtafuna Shamso kama mchwa atafunavyo nguzo, kimyakimya, kutoka ndani. Wageni wote wa Eedo Qali hurudi na maziwa ya ngamia, au angalau na malalamiko yake kwamba watoto wa kaka yake wamemsahau. Keynan alirudi mikono mitupu, akinukia manukato.

"Eedo hajambo?" Shamso alimuuliza.

"Hajambo, abaayo, dada yangu. Anakusalimu sana."

"Hakunituma kitu? Hakulalamika?"

"Alikuwa na haraka."

Eedo Qali, na haraka! Shamso aliendelea kuuliza. "Na kadi ya kamera iko wapi?"

"Imepotea safarini. Bahati nzuri picha nilikuwa nimeshazihamisha."

Jibu lilikuja upesi, kama la mtu aliyelikariri. Shamso alizirudia picha. Mzee mmoja mwenye ndevu za hina alisimama kando ya dume la ngamia. Katika picha nyingine, mzee yuleyule alikuwa akinywa chai na watu wengine, ila safari hii ndevu zilikuwa nyeupe.

"Hao ni ndugu," Keynan alisema, akacheka kicheko kisichofika machoni.

Zamani picha za Keynan zilikuwa zikikataliwa moja baada ya nyingine. Hizi zilikubaliwa zote, na wanunuzi wakazigombania kama mpira wa kona. Moyo wa Shamso ulimwambia, uliza. Tamaa ikamwambia, nyamaza. Alinyamaza.

Wiki iliyofuata simu iliita. Alikuwa Eedo Qali, sauti imemkauka kwa kulia.

"Shamso, umetufanyia nini?"

"Kuna nini, Eedo?"

"Soko letu lilifungwa ghafla ulipokaribia kujifungua, ugonjwa wa mifugo ulipoingia. Hata mbuzi hauzwi. Sasa gazeti moja la mtandaoni limeweka picha ya mnada uliofurika ngamia, likaandika kwamba Griftu tumekaidi karantini. Mume wangu Mahat ndiye mwenyekiti wa soko. Maafisa wamekuja kumchukua asubuhi. Na chini ya picha kuna jina lako!"

"Keynan hakukwambia amepiga picha gani?"

"Keynan gani? Sijamwona tangu Idi."

Keynan alipoitwa, aliingia akitabasamu. Alipouona uso wa dada yake, tabasamu likamfia mdomoni.

"Ulikuwa wapi, Keynan?"

Alitazama chini. "Hapa hapa mjini. Kwa rafiki."

"Na ngamia?"

"Akili mnemba. Niliiandikia tu maneno: vumbi, ngamia, wazee, Griftu. Ikachora. Lakini abaayo, lile soko la picha hupokea picha kama hizo!"

"Huzipokea ukizitaja kuwa ni za mashine. Ulizitaja?"

"Ningezitaja, hakuna gazeti ambalo lingezinunua," alinong'ona. Kisha akapiga magoti. "Tuzifute tu. Nani atajua?"

Shamso alimtazama mwanawe aliyelala. Angeweza kufuta, akanyamaza kama alivyonyamaza mwanzo, na jina lake lingesalimika. Lakini Mahat alikuwa akihojiwa kwa mnada ambao haukufanyika. Akavuta kipakatalishi, akaandika ukweli wote kwa gazeti, kwa maafisa waliomshikilia Mahat, na kwa soko la picha.

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, Mahat aliachiliwa na gazeti likaomba radhi. Soko la picha halikuwa na huruma hiyo. Liliifunga akaunti ya Shamso, na picha zake za miaka yote zikaondolewa, za kweli pamoja na za uongo, kwa kuwa sasa hakuna aliyeweza kuzitofautisha kwa kumwamini yeye. Shamso alilia mpaka mtoto akaamka. Baada ya arobaini angeanza upya, kwingine, akiwa hajulikani.

Keynan naye alilazimika kupanda basi kwenda Griftu kuomba msamaha mbele ya wazee. Alisimama katikati ya soko tupu, upepo ukisukuma karatasi kati ya nguzo za mazizi, akaeleza yote bila kuinua macho.

Mahat alimsikiliza hadi mwisho. "Nimekusamehe, mwanangu," alisema. "Lakini ungalikuja siku ile uliyotumwa, ungalilikuta soko hivi unavyoliona. Hii ndiyo picha ambayo hakuna mtu aliyekuwa nayo. Magazeti yote yangaliitaka."

Keynan aliinua macho, akayatazama mazizi matupu. Aliikimbia barabara ndefu akashika ya mkato, nayo ikamfikisha kwenye aibu kabla hajaufaidi utamu wa ujanja wake. Ama kweli, njia ya mwongo ni fupi.