Pimbi, Kiboko na Baiskeli Yenye Mota

Paukwa!

– Pakawa!

Pakawa na mto.

– Na ng'ambo yake!

Pakawa na mtu huku.

– Na mtu wake kule!

Basi sogeeni karibu, maana anayekaa mbali husikia nusu na kwenda kusimulia nzima.

Hapo zamani, tena zamani ya juzi, si ile ya babu zetu, wanyama walikuwa wamekwisha kujua kupanda baiskeli. Juu ya Mwamba wa Itundu aliishi Pimbi. Nasema Pimbi, sisemi Panya. Wako watu wakimwona kiumbe yule mnene, mfupi, asiye na mkia, humwita panya, na wengine humwita sungura aliyekatwa masikio. Wanakosea. Anayekaa mwambani ni pimbi, na ndugu yake anayekaa mitini ni perere. Kila kiumbe kina jina lake, na asiyelijua aulize.

Perere alikuwa dada yake Pimbi, tumbo moja. Mama yao alipofariki, Perere ndiye aliyemlea mdogo wake. Alimtafunia majani na kumtilia kinywani mpaka meno yalipoota. Kisha Perere akaolewa ng'ambo ya Mto Lwenge, mbali, juu ya mlima, katika Msitu wa Nyakumbi. Mume akafa, watoto wakatawanyika, Perere akabaki peke yake.

Kila magharibi Perere alipanda juu ya mti akaita:

"Kwrrr! Kwrrr! Kwiiiii!"

Sauti ikashuka mlima, ikavuka mto, ikapanda mwamba, ikamkuta Pimbi mlangoni pake. Naye Pimbi akajibu:

"Kwi!"

Sauti yake ilikuwa ndogo. Ikashuka mwamba, ikafika mtoni, ikazama.

Kesho yake tena: "Kwrrr! Kwrrr! Kwiiiii!" Ikashuka, ikavuka, ikapanda. "Kwi!" Ikashuka, ikafika, ikazama.

Miaka ikapita hivyo. Mwaka mmoja, mvua zilipokwisha, sauti ya Perere ikaanza kukwaruza. Ile *kwiiiii* ya mwisho ikawa fupi, kisha ikawa pumzi tu. Pimbi akaacha kula. Akasema moyoni, "Dada amezeeka. Naye hajapata kusikia hata siku moja kwamba namjibu. Akinyamaza kabla sijafika, maisha yangu yote nitakuwa nimemjibu nani?"

Akajaribu kwa miguu. Miguu ya pimbi ni mifupi, na jua likamrudisha. Akajaribu kwa baiskeli ya kawaida, kiri-kiri, kiri-kiri, lakini alipoutazama ule mlima wa ng'ambo magoti yakagoma kabla ya gurudumu. Mwishowe akaenda kwa fundi Nungunungu. Nungunungu akafunga mota ndogo kwenye gurudumu la nyuma na betri chini ya kiti.

"Ukikanyaga, inakusaidia," Nungunungu akasema. "Ukichoka, bonyeza hapa, inakwenda yenyewe. Lakini usiiingize majini. Ikinywa maji, imekufa."

"Na jina lake nini?"

Nungunungu akakuna miiba. "Mimi nafunga, ndugu yangu. Kutaja majina si kazi yangu."

Pimbi akafunga mzigo kwenye keria: majani machanga ya mwambani, yale aliyoyapenda Perere tangu utoto, ambayo msituni hayaoti. Akapanda. Zzziii! Akateremka hadi mtoni.

Mtoni palikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa daraja la mbao na kamba. Ya pili ilikuwa kupita majini, pale penye maji ya magotini. Kote kuwili msimamizi alikuwa mmoja: Kiboko. Naye Kiboko alikuwa ametangaza hivi: "Wenye miguu na wenye baiskeli, pitieni darajani. Wenye pikipiki, piteni majini, kwa kuwa daraja ni bovu." Na kila aliyepita majini alimkuta Kiboko amefungua kinywa, *aaaa*, akamtilia humo nusu ya mzigo wake, *pwa!* Mahindi, maboga, mikungu ya ndizi, nusu kwa nusu.

Kwa hiyo Kiboko alizipenda sana pikipiki. Hata mbuzi akipita mwenye pembe ndefu, Kiboko alimtazama mara mbili, pengine ni usukani.

Pimbi akafika darajani. Zzziii, kru!

"We panya," Kiboko akasema, "simama hapo."

"Si panya, Bwana Mkubwa. Pimbi."

"Hicho ulichopanda ni nini?"

"Baiskeli."

"Mbona umepita mbele yangu miguu imetulia? Kinachokwenda bila kukanyagwa ni pikipiki. Pita majini."

"Ikinywa maji itakufa, Bwana Mkubwa. Nakwenda kumwona dada yangu."

"Kila mtu ana dada. Pita majini."

Pimbi akarudi Itundu. Magharibi akasikia: "Kwrrr... kwrrr..." Ya tatu haikuja.

Kesho yake akaizima mota, akakanyaga mwenyewe njia nzima. Kiri-kiri, kiri-kiri. Akafika darajani ulimi nje.

"We panya, simama."

"Si panya, Bwana Mkubwa. Pimbi. Na leo nimekanyaga."

"Nimeona. Lakini ina mota."

"Mota imelala."

"Pikipiki ikilala inakuwa kitanda? Pita majini!"

Pembeni alikuwapo Nguchiro na pikipiki yake na gunia la mahindi, anangoja zamu yake ya kulowa. Akacheka. "Pimbi, ndugu yangu, kubali tu. Mimi pikipiki yangu imejifunza kuogelea."

Pimbi akarudi Itundu. Magharibi akasikia: "Kwrrr..." Mara moja tu. Akajibu "Kwi!" kwa nguvu zake zote, hadi mbavu zikauma. Ikashuka, ikafika, ikazama.

Siku ya tatu, alfajiri, Pimbi akaenda mtoni. Hakuomba kupita. Alikaa chini kando ya daraja, akainua pua, akavuta hewa.

"Mmmmh!" akasema.

Kiboko akafungua jicho moja. "Unanusa nini?"

"Hakuna, Bwana Mkubwa."

"Pua haipandi juu kwa hakuna."

"Ni miwa tu. Iko kule juu ya mlima, ukingoni mwa msitu. Imekosa mlaji, inaanguka yenyewe. Lakini wewe haikuhusu. Kwa miguu ni mbali, jua lingekukausha ngozi kabla hujafika."

Kiboko akafungua jicho la pili. Akautazama mlima. Akaitazama ile baiskeli.

"Hiki chombo kinapanda mlima?"

"Kinapanda."

"Nipeleke."

"Kwa heshima zote, Bwana Mkubwa. Nifundishe tu tunakwendaje. Kama ni pikipiki, mimi mwenyewe naendesha, wewe abiria unakaa nyuma. Ila pikipiki inapita majini, itakufa, na miwa itaendelea kuoza."

"Na kama ni baiskeli?"

"Baiskeli inapita darajani. Tena baiskeli ina desturi yake, unaijua. Wawili wakipanda baiskeli moja, haijalishi ni ya nani: mwenye nguvu anakanyaga, mnyonge anakaa kwenye keria."

"Ndiyo desturi," Kiboko akakubali.

"Sasa hapa kati yetu, mwenye nguvu ni nani? Mimi naogopa kusema, watu wanasikia."

Watu kweli walikuwa wanasikia, foleni nzima. Kiboko akajaza kifua, akapiga kelele iliyotikisa kamba za daraja:

"Sikilizeni wote! Hii ni baiskeli! Nasema ni baiskeli!"

"Samahani, Bwana Mkubwa," Nguchiro akasema, "rudia kidogo. Nina maji ya jana masikioni."

"Baiskeli! Na atakayebisha nitamkalia!"

Msiniulize Kiboko alikaaje kwenye kile kiti. Aliyenisimulia hakunieleza, na nisiloelezwa siliongezi. Ninalojua ni kwamba Pimbi alikaa kwenye keria juu ya mzigo wake, na Kiboko akakanyaga. Mbao zikalia *kwaa! kwaa!* Kamba zikalia *nyiii!* Wakavuka.

Huku nyuma Nguchiro akamgeukia mwenzake.

"Lile ndilo daraja bovu?"

"Ndilo."

"Lililoishinda pikipiki yangu na gunia moja?"

"Ndilo hilohilo."

"Na limembeba Kiboko?"

"Na Pimbi juu yake."

Nguchiro alikwenda kutafuta vipande viwili vya mbao, akavifunga kwenye pikipiki yake mahali pa pedali, akavuka darajani na gunia zima. Hakuna aliyemuuliza. Wa kuuliza alikuwa mlimani, anakanyaga.

Mlimani Kiboko alihema *hoo! hoo!* na Pimbi alimwimbia kutoka nyuma:

"Nyonga, mwenye nguvu, nyonga!"

– Hoo!

"Mlima hauna mwenyewe, nyonga!"

– Hoo!

"Wewe," Kiboko akasema katikati ya pumzi, "ile mota... mbona hailii?"

"Imelala, Bwana Mkubwa. Nikiiamsha hii itakuwa pikipiki, na tutalazimika kurudi tukapite majini. Sheria yako siwezi kuivunja ukiwa umeikalia."

Kiboko akakanyaga. Jua likapanda, naye akapanda. Walipofika kileleni jua lilikuwa utosini, na ngozi ya Kiboko ikaanza kupasuka, *kre! kre!* Miwa ilikuwepo kweli, hatua chache mbele, imelala chini, utamu unanukia. Kiboko akaitazama miwa. Akautazama mto kule chini, mwembamba kama uzi. Machozi yakamtoka, yakakauka kabla ya kufika shavuni.

"Maji!" akalia. Akageuka, akateremka mlima, gubudu-gubudu-gubudu, *chubwi!* Hakuonekana tena siku ile ila matundu ya pua.

Pimbi akabonyeza pale alipoonyeshwa na Nungunungu. Zzziii! Baiskeli ikaingia msituni.

Jua lilipokuwa linazama, akaufikia mti wa dada yake. Perere alikuwa juu ya tawi, manyoya yamekuwa meupe, macho yamefunikwa na ukungu. Alikuwa anakusanya pumzi ili aite. Akafungua kinywa:

"Kwrrr..."

Na Pimbi akajibu kutoka chini ya mti:

"Kwi!"

Perere akainamisha kichwa.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, dada. Mdogo wako."

"Hapana," Perere akasema. "Mdogo wangu hajibu. Nimemwita tangu nina meno."

"Nilikuwa najibu, dada. Kila siku nilijibu. Haikuvuka."

Perere akateremka polepole, tawi kwa tawi. Akamshika Pimbi uso kwa mikono miwili, akampapasa masikio, akampapasa mahali pasipo na mkia. Pimbi akafungua mzigo, na kwa kuwa dada yake sasa hakuwa na meno, akayatafuna yale majani yeye mwenyewe, akamtilia kinywani.

Jioni ile Perere hakuita tena. Hakuita ya kesho yake wala ya kesho kutwa, kwa kuwa wa kuitwa alikuwa amekaa ubavuni pake.

Kule Mwamba wa Itundu, pimbi wengine walikaa milangoni wakangoja ile sauti. Wakangoja mpaka giza likashika. Wakaambiana, "Basi, Perere amefariki." Wakainamisha vichwa. Kisha mpwa mmoja wa Pimbi, aliyezoea kulala mgongoni pake, akasogea ukingoni mwa mwamba, akaelekea ng'ambo, akaita:

"Kwi!"

Ikashuka mwamba, ikafika mtoni, ikazama.

Hadithi yangu imevuka.

– Ivuke salama!

Imefika.

– Ikae huko!

Na funzo lake, kwa kuwa hadithi isiyo na funzo hairuhusiwi, ni hili. Mkubwa hakosei: alisema ni pikipiki, ikawa pikipiki, alisema ni baiskeli, ikawa baiskeli. Daraja likiitwa bovu, liaminini. Msinuse miwa ya watu. Na zaidi ya yote kila mtu akae kwao atulie, maana hamu ni ugonjwa wa wasio na kazi, wala haijapata kumfikisha mtu popote.

Atakayeamka kesho akaenda kumtazama dada yake, asiseme mimi ndiye niliyemtuma.